Marehemu Thora na Koti Lake la Miraba

Nordfjell, Minnesota
14 Februari 1949

Thora,

Salamu utazikuta mwishoni, nikifika huko nikiwa nimepoa. Kwa sasa nina neno moja tu: umekufa tena.

Jumamosi ya tarehe 5 nilimpeleka Mama sinema ya Grand. Nilikosea, najua, usinianze. Daktari alisema tangu augue mwezi wa kumi na moja akili yake inakuja na kuondoka, basi tumtoe nyumbani, aone watu, acheke. Nikamtoa. Tulifika mapema kama kawaida yangu, tukakaa mbele. Picha ya nyongeza, ile fupi ya bei rahisi inayoonyeshwa pamoja na ile kubwa, ikaanza, na wewe hapo, umevaa lile koti la miraba alilokushonea yeye mwenyewe, unavuta sigara (sigara, Thora!), unamwambia jambazi mwenye masharubu kwamba umechoka na maisha haya. Hata hatujakaa sawasawa, mwenye masharubu akakupiga risasi. Ukaanguka juu ya piano. Mama akasimama akapiga ukelele uliomfanya mwenye sinema awashe taa.

"Wamemuua! Jamani, wamemuua mtoto wangu!"

Nikamwambia, "Mama, kaa, ni picha tu." Akanigeukia. "Picha gani, Borghild, na koti nimelishona mimi?"

Tangu siku hiyo amevaa nyeusi. Asubuhi namweleza, ananisikiliza vizuri, anasema, "Aa, sawa, kumbe ni kazi yake." Mchana maelezo yangu yameshamtoka, amebaki na risasi. Mke wa Mchungaji Ruud alimkuta analia dirishani, akatoka mbio kusambaza habari, na hakuuliza hata swali moja. Sasa kina mama wa kanisa zima wanatuletea chakula cha msiba. Mabakuli ya viazi na nyama hayana pa kuwekwa. Wameleta hadi samaki wa magadi, yule wa Kinorwe, na nyumba nzima inanuka. Nels mume wangu anakula tu, anasema marehemu ametutendea vizuri. Nimemwambia akirudia tena neno hilo atalala kwa ng'ombe.

Na juzi ulipopiga simu nikampa aisikie sauti yako, ndipo mambo yakaharibika kabisa. Mama alikusikiliza, akanirudishia mkonga, akasema, "Msichana huyu ana sauti nzuri, lakini kumdhihaki mfiwa si tabia."

Miaka minane uko huko. Umepigwa risasi, umenyongwa, umetupwa nje ya treni, umeliwa na sijui mmea gani ule. Sikukuuliza kitu. Leo nakuomba jambo moja, wala si kubwa: maliza picha moja ukiwa hai. Moja tu, nimkalishe Mama pale Grand, akuone umesimama mpaka taa ziwake. Kama hilo haliwezekani, basi panda treni uje mwenyewe.

Haya, salamu. Hatujambo. Baridi kali, ndama wawili wazima.

Dada yako,
Borghild


Hollywood
23 Februari 1949

Dada Borghild,

Unaniandikia kana kwamba kufa ni kupenda kwangu. Umekaa huko unadhani naamka asubuhi nachagua: leo risasi, kesho sumu?

Sikiliza nikuambie inavyokwenda, maana hujawahi kuniuliza. Kuna ofisi ya maadili hapa inayosoma kila hadithi kabla haijapigwa picha. Mwanamke akivuta sigara, akipenda mume wa mtu, au akiimba tu kwenye baa, lazima aadhibiwe kabla picha haijaisha. Mwanamume anaweza kutubu. Mwanamke wa picha ya nyongeza hana nafasi ya kutubu, picha ni fupi, anakufa. Nikiuliza kwa nini nipewe mimi wabaya kila siku, Bwana Fitch mwongozaji anasema ni nyusi zangu. Eti ni nyusi za mwanamke aliyekwisha kutenda jambo. Nyusi hizi ni za Baba, Mungu amrehemu, na Baba alikuwa mzee wa kanisa!

Kuhusu koti, nalo si ubishi. Kampuni hizi ndogo hazimvishi mtu. Unakuja na nguo zako mwenyewe, na mwenye nguo nzuri ndiye anayeitwa. Hilo koti la Mama, na ule ukosi wake mkubwa, limenipatia kazi kuliko uso wangu. Mwambie hivyo siku akili ikiwa imekuja, atafurahi.

Kuja siwezi sasa. Hapa unaishi kwa kusubiri simu. Ikilia usipoipokea, anapigiwa Mavis, mwigizaji mwenzangu wa chumba cha jirani. Huyo nikisikia simu yangu inalia, yeye upande wa pili ameshaanza kuchana nywele.

Lakini usidhani sina moyo. Jana nilimfuata Fitch ofisini. Nikamwambia, "Bwana Fitch, huyu mwanamke wa picha ijayo, badala ya kuuawa, mfungeni." Akasema jela haina mvuto. Nikambembeleza. Mtu mzima mimi, nimekaa mbele ya meza ya mtu naomba kifungo cha maisha! Mwishowe amekubali. Nitafungwa, Borghild! Mnaweza kumleta Mama, nitakuwa hai kabisa, nyuma ya vyuma.

Mdogo wako,
Thora


Nordfjell
8 Machi 1949

Thora,

Jela.

Nimeisoma barua yako nikakaa chini. Yaani nimchukue Mama mgonjwa, nimvishe, nimpeleke mjini kwenye theluji, nimwambie, "Furahi, Mama, Thora hakufa, amefungwa maisha"? Jioni hiyohiyo angekwisha kuwaambia kina Ruud. Bora wewe umekufa, wanaleta chakula. Ukifungwa hawaleti kitu.

Na si mchezo tena. Jana nimetoka kukamua nikamkuta Bwana Lindquist mchonga mawe jikoni kwetu, kofia mkononi, anakunywa kahawa. Mama amemwita mwenyewe. Anataka jiwe la kaburi karibu na la Baba, liandikwe jina lako. Nilimvuta Lindquist nje nikamwambia, "Wewe Lindquist, unajua kabisa Thora yu hai, ulicheza naye densi!" Akasema anajua, lakini Mama alimshika mkono akalia, na yeye hawezi kumkatalia mjane. Atachonga taratibu, anasema. Wanaume wa mji huu ni uji mtupu.

Mama ameacha kula vizuri, Thora. Anasema hana haraka ya kubaki. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Jiwe ni jiwe tu. Lakini mtu akishaamini mtoto wake amemtangulia, anaanza kufunga mizigo. Mwachie Mavis hiyo simu. Njoo.

Borghild


Ndani ya treni, Nebraska
19 Mei 1949

Dada,

Naandika treni ikitikisika, ikinirudisha Hollywood, usinicheke mwandiko.

Asante kwa kunisindikiza stesheni bila kunigombeza. Najua ilikugharimu.

Sikulia pale jikoni kwa sababu Mama hakunijua. Kwa hilo ulinionya. Nililia kwa sababu ya kikombe. Kikombe changu cha bluu kilikuwa kinaning'inia palepale kwenye msumari, mdomo wake umemegeka vilevile, juu ya kichwa chake. Naye akafungua kabati akanitolea kikombe cha wageni chenye ukingo wa dhahabu, akanimiminia kwa adabu, akaniuliza, "Na wewe binti, kwenu ni wapi?" Halafu akanionyesha picha yangu ya kipaimara. "Huyu ndiye marehemu binti yangu. Angekuwa hai mngekuwa rika moja. Ila yeye nywele zake zilikuwa rangi ya ngano."

Na mimi hapo na nywele nilizozipaka nyeusi ti, kwa sababu Fitch alitaka jasusi!

Usiniulize kwa nini sikuja na koti. Lilikuwa kwenye kabati la Sadie, mtunza mavazi. Nguo ikishapigwa picha, huondoki nayo mpaka picha iishe. Nililia mpaka Sadie naye akalia, hakulitoa.

Haniamini nikikaa mbele yake, Borghild. Anaiamini ile sinema. Basi sawa. Nitatafuta picha ya mwanamke mwema, asiyevuta sigara wala kumpenda mtu yeyote, atakayesimama mpaka mwisho, hata kama itabidi nimlambe Fitch viatu. Nyusi nitazinyoa.

Thora


Nordfjell
12 Juni 1949

Mdogo wangu,

Usinyoe nyusi. Ni za Baba.

Nimekuwa mkali kwako mwaka huu. Sikutubii, nakueleza tu, maana nina hasira na kila mtu na wewe ndiye uliye mbali, huwezi kunijibu mezani. Namweleza Mama jambo lilelile asubuhi na jioni mpaka sauti yangu mwenyewe inanichosha. Kila nikisema "yu hai", ananipapasa mkono kwa huruma, anawaambia watu, "Borghild bado hajakubali." Yaani mimi ndiye mwenye kasoro! Mchungaji Ruud alikuja kunifariji. Mimi! Nilimwonyesha mlango.

Mama ameomba ibada ya kumbukumbu yako ifanyike Jumapili ya tarehe 25 Septemba, baada ya mavuno, na Mchungaji amekubali ili asimuudhi. Nyimbo ameshachagua. Lindquist anasema jiwe lenyewe limekwisha kusuguliwa, bado jina. Nimemwambia akigusa herufi ya kwanza kabla sijampa ruhusa, asije tena kwangu kunywa kahawa.

Basi tafuta hiyo picha ya mwanamke mwema. Ukiipata nitamkalisha Mama mbele kabisa, tutafika mapema, aone kuanzia herufi za jina lako hadi mwisho. Unanijua. Siwezi ule utaratibu wa watu wa hapa, na Mama mwenyewe enzi zake, wa kuingia picha ikiwa katikati, kukaa mpaka izunguke tena, ikifika pale walipoingilia wanainuka na kwenda zao. Nani anasoma barua kuanzia katikati?

Dada yako,
Borghild


Hollywood
11 Julai 1949

Borghild! Dada yangu! Kaa chini!

Nimepata! Mimi ni mwalimu! Mwalimu wa shule ya kijijini, picha ya wapanda farasi, jina langu Bi Abigail, sivuti chochote, simpendi mtu yeyote isipokuwa watoto na Mungu. Hakuna anayenigusa. Risasi zinapita huku na huku, mimi nimewakumbatia watoto chini ya madawati. Na tukio la mwisho kabisa, unanisikia, la mwisho kabisa, ni mimi mlangoni nagonga kengele ya shule, jua usoni. Fitch alisema, "Castle," maana hapa mimi ni Lenore Castle, "Castle, leo nyusi zako zimetulia." Nilitaka kumbusu.

Mavis amepewa yule mbaya. Amekasirika, hasemi na mimi. Nimemwambia, "Mavis, shoga yangu, kufa si kugumu, legeza magoti."

Tulimaliza jana, siku ya sita, kama kawaida, tukikimbizana na jua. Tena karibu tukwame! Mavis alitakiwa aanguke kutoka kwenye treni, na kampuni haina treni wala fedha ya kukodi treni. Fitch akakumbuka kipande cha picha yetu ya mwaka juzi, kile cha mimi kuangushwa kutoka behewa la mwisho (si mimi, ni Otto, mwanamume anayelipwa kuanguka badala yetu, kavaa wigi na koti langu). Kipande kipo ghalani, bado kizima. Basi ikabidi Mavis avae koti lilelile picha yote, ili afanane na yule anayeanguka. Sadie akaja kuniomba. Nikalitoa palepale, nilikuwa na furaha, ningetoa hata meno. Koti la mwaka 1941 katika hadithi ya mwaka 1880! Fitch anasema mtu atakayetazama koti wakati mwanamke anaanguka kwenye treni ana matatizo yake.

Mwambie Mama. Mwambie kila siku mpaka aseme basi.

Wako aliye hai,
Thora


Nordfjell
20 Agosti 1949

Mdogo wangu mpendwa,

Nimemsomea Nels barua yako, nikaisoma tena peke yangu kule zizini. Ng'ombe wameshajua kwamba wewe ni mwalimu.

Mwenye Grand amenihakikishia: picha yako inakuja Jumamosi tarehe 17 Septemba, inazungushwa mchana kutwa pamoja na picha kubwa ya Wanamaji. Ni wiki moja kabla ya ibada. Nimemwambia Mchungaji Ruud, "Mama akimwona hai, ibada hakuna." Akasema atamshukuru Mungu. Nikamwambia aanze kumshukuru mapema, isije ikawa tumemkatiza shughuli.

Mama nimemwambia. Siku nyingine anatabasamu, siku nyingine anasema, "Nitaamini nikimwona." Hilo nalo si haba.

Nakupenda. Usizoee kusikia.

Borghild


Hollywood
14 Septemba 1949

Borghild, USIMPELEKE MAMA.

Simu yenu hailii. Msichana wa simu anasema dhoruba imeangusha nguzo, na telegramu nazo zimelala. Natuma hii kwa ndege na ninaomba ikuwahi.

Jana nimeiona picha ilivyokatwa. Ilikuwa imezidi urefu, kwa hiyo wamekata mwisho. Kengele wameikata! Mlango, jua, vyote vimo kwenye pipa. Sasa Mavis anaanguka kwenye treni, shujaa anapanda farasi, mwisho. Mimi naonekana huko mwanzo na katikati, halafu natoweka, hakuna hata anayeuliza mwalimu alienda wapi. Nilimpigia kelele Fitch mbele ya watu. Akasema, "Castle, hakuna anayekaa mpaka mwisho kumngojea mwalimu."

Lakini si hilo lililonifanya nisilale. Ni koti. Nilikaa gizani nikamwona yule mtu anaanguka kwenye treni, ukosi mkubwa unapepea, nikafikiri: Mungu wangu. Mama hatamwona Mavis. Ataona koti aliloshona mwenyewe. Nimelitoa kwa mkono wangu, nikicheka, nikakuandikia kama kichekesho! Na wewe nawe, mwenye macho ya kuona vumbi juu ya kabati, hukuliona hilo?

Nimejiua mwenyewe safari hii, dada. Mfungie ndani. Mwambie picha imeharibika. Sema lolote.

Thora


Nordfjell
19 Septemba 1949

Thora,

Barua yako ya kunikataza nimeipata leo Jumatatu. Asante, imenisaidia sana.

Tulikwenda Jumamosi. Na kabla hujazimia, soma mpaka mwisho. Naandika kama mambo yalivyokuja.

Kwanza tulichelewa. Mimi! Mama alikataa kutoka bila kofia yake nyeusi. Nikamwambia hatuendi msibani. Akasema, "Wewe hujui tunakwenda wapi." Kofia tukaikuta ndani ya pipa la unga, usiniulize. Halafu barabara, dhoruba yako hiyo imelaza mti. Tulipoingia Grand ukumbi umejaa, giza, watu wananikanyaga, na tendo la kwanza tulilokutana nalo, hata sijapata kiti, ni filimbi ya treni, na koti la miraba linaanguka kutoka behewa la mwisho.

Ndiyo, nilipoliona ndipo nikakumbuka barua yako ya Julai. Tunaweza kushindana na Lindquist kwa uji kichwani, wewe na mimi.

Mama hakupiga ukelele safari hii. Aliketi. Akasema polepole tu, "Ameanguka tena, maskini." Shujaa akapanda farasi, ikaandikwa MWISHO. Mwalimu hakuna, kengele hakuna. Taa zikawaka, Mama machozi yanamtiririka kimya kimya, na mimi nikakutukana kwa Kinorwe, safu nzima wakasikia.

Nikamshika mkono. "Mama, inuka, twende nyumbani." Akautoa mkono wake.

"Hatujafika tulipoingilia."

"Mama, tafadhali."

"Borghild. Mtu hatoki kabla hajafika alipoingilia. Nimekulea vipi?"

Hebu fikiria. Jina la mjukuu wake hakumbuki, lakini hilo analo. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilikaa tu. Tukaangalia habari za dunia, tukaangalia katuni, tukaangalia Wanamaji wakizama kwa muda mrefu sana. Mama akasinzia begani kwangu. Nikapanga kimoyomoyo nitakalokuandikia. Lilikuwa refu, na una bahati hukulipata.

Halafu ya nyongeza ikaanza upya. Nikamtikisa. Nikamwambia, "Mama, angalia." Ulikuwa ubaoni, unaandika, umetugeuzia mgongo. Ukageuka.

Sikumtazama Mama, sikuthubutu. Nikausikia mkono wake umenishika goti, ananibana, bado goti lina alama. Kila ulipotokea alibana. Ulipowaficha watoto chini ya madawati akasema kwa sauti, "Vizuri, vichwa chini!" na watu wakacheka, lakini hawakumcheka yeye. Kisha ikaja ile ya dukani, wewe unanunua chaki, na Mavis wako anaingia amevaa koti, mnasimama uso kwa uso. Mama akaacha kubana. Akainama mbele kabisa. Akamwangalia Mavis, akakuangalia wewe, akamwangalia Mavis. Akasema "Ahaa," kama anavyosema akimkamata mbwa kwenye mayai.

Filimbi ya treni ilipolia, akafunga kamba za kofia yake kidevuni. "Hapa ndipo tulipoingilia," akasema, akainuka. Safu nzima ikasimama kumpisha. Tukatoka kabla mtu hajaanguka.

Yale aliyoniambia njiani siyaandiki. Ungesema nayatia chumvi. Nimempa kalamu mwenyewe, leo asubuhi yuko vizuri, na karatasi yake iko humu. Amekula mayai mawili. Ibada hakuna.

Borghild


Mwanangu Thora,

Borghild anataka niandike mwenyewe kwa sababu yeye hapendi kuonekana mwongo.

Nimekuona. Ulikuwa unafundisha. Umekonda. Yule mwanamke aliingia dukani amevaa koti lako mbele ya macho yako, na wewe ukamwamkia. Umekuwa mpole mno tangu utoto. Basi kumbe ndiye yeye. Ndiye aliyeanguka kwenye treni, na ndiye aliyepigwa risasi juu ya piano, na mimi niliona koti tu nikamlilia mtoto wangu. Borghild amenieleza mwaka mzima mambo ya kazi na picha mpaka kichwa kinaniuma, na jambo dogo hili, kwamba koti limechukuliwa na mtu, hakunieleza.

Mungu amrehemu yule mwanamke. Lakini mtu hauawi mara nyingi hivyo bila sababu.

Lindquist aliharakisha, amekwisha kuchonga T na H. Uulize jina la yule mwanamke. Kama linaanza hivyo, tusilitupe jiwe.

Kuna jambo jingine, nalisema leo maana kesho huenda nisiwe nalo. Mwezi wa tano alikuja hapa msichana mwenye nywele nyeusi, akakaa karibu na jiko. Alilia, nikadhani kahawa imemuunguza. Jumamosi ulipogeuka kule ubaoni niliiona ile shingo. Alikuwa wewe. Nilikupa kikombe cha wageni, mwanangu, na hukusema kitu. Nisamehe.

Mnyang'anye yeyote aliyenalo hilo koti uje nalo, bega la kushoto limefumuka. Na ukinikuta siku hiyo sikujui, usinieleze, Borghild ameshanieleza vya kutosha. Pita nyuma yangu, kitoe kikombe chako cha bluu msumarini, ujimiminie mwenyewe. Mgeni hafanyi hivyo.

Mama yako,
Gunhild Aasen